Sekunde Mbili za Dopamini

Katika viwanja vya mafunzo vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, panyabuku huanza kazi alfajiri, kabla jua halijawa kali. Panya huvalishwa mkanda kifuani na kufungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya wakufunzi wawili, akawa anakwenda na kurudi huku pua ikifuata udongo. Akifika palipofukiwa kilipuzi cha TNT, husimama na kuparua. Mkufunzi hubonyeza kidude alichoshika mkononi: klik! Panya huacha kuparua, humkimbilia mkufunzi, hupewa kipande cha ndizi, kisha hurudi kazini.

Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya hawa Morogoro tangu mwaka 2000. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko, akapelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akawa panya wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Hadi anastaafu alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Wenzake waliobaki nyumbani hunusa makohozi ya wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa maabara mwenye darubini siku nne.

Wengi wanaowatazama hustaajabia pua. Mimi nastaajabia zaidi ile klik. Kabla ya kuonja ndizi, panya amekwisha kufanya mambo mengi: amenusa jani, ametikisa mkia, amegeuka, ameparua, amekimbia. Ubongo wake umejuaje kwamba katika yote hayo, kilichomletea ndizi ni kuparua juu ya harufu ile moja? Ndizi haina maelezo. Hata hivyo, baada ya miezi tisa hivi ya mafunzo, panya hubagua harufu ya kilipuzi kwa uhakika ambao binadamu huweza kuukabidhi maisha yake. Jibu la swali hili limepatikana hatua kwa hatua, sehemu kubwa katika miaka 30 iliyopita, kwa kupima ubongo wa kima na panya wa maabara. Nalo linamhusu kila mtu aliyewahi kujifunza kusoma, kupika, kuomba msamaha, au kubeti.

Tuanze na dopamini, kemikali ya ubongo iliyo kiini cha jibu hilo. Siku hizi jina hili limezagaa mitandaoni, na karibu kila anayelitaja huliita kemikali ya furaha: ukila chokoleti unapata dopamini, ukipigiwa makofi unapata dopamini. Maelezo hayo yanaficha kazi yake kubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, Wolfram Schultz, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, alipenyeza waya mwembamba mno kwenye ubongo wa kima na kusikiliza nyuroni za dopamini, yaani seli za ubongo zinazoitoa, moja baada ya moja. Kima akidondoshewa tone la juisi mdomoni bila kutarajia, nyuroni zilipiga kwa kishindo. Hadi hapo dhana ya furaha ilionekana kuwa sawa.

Kisha Schultz akaanza kuwasha taa muda mfupi kabla ya juisi, akarudia mara nyingi. Kima alipokwisha kujifunza kwamba taa huja na juisi, jambo la ajabu likatokea. Nyuroni zilipiga taa ilipowaka, na juisi ilipofika zikawa kimya, zikiendelea na mdundo wao wa kawaida wa mara chache kwa sekunde. Juisi ilikuwa ileile, tamu vilevile, na kima aliinywa kwa hamu ileile. Siku taa ilipowaka na juisi isije, mdundo ulishuka chini ya kawaida, na ulishuka katika wakati uleule ambao juisi ingetakiwa kufika. Kumbe nyuroni hizo zilikuwa zikipima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana: kikizidi, hupanda, kikilingana, hutulia, kikipungua, hushuka.

Waliolitambua umbo la matokeo hayo hawakuwa madaktari. Huko Marekani, Richard Sutton na Andrew Barto walikuwa wakitafuta namna ya kuifanya kompyuta ijifunze yenyewe kwa kujaribu na kukosea, na katika miaka ya 1980 waliandika kanuni ambayo kiini chake ni tofauti hiyohiyo. Peter Dayan na Read Montague, waliozijua hesabu hizo, walipotazama michoro ya Schultz waliiona kanuni ile imeandikwa kwenye mapigo ya nyuroni. Makala yao watatu ilitoka katika jarida la Science mwaka 1997, na tangu hapo elimu ya ubongo na elimu ya akili bandia zimekuwa zikiazimana mawazo bila kukoma.

Ushahidi kwamba tofauti hiyo ndiyo inayofundisha ulipatikana kwa panya. Ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1960, kutokana na kazi za Leon Kamin, kwamba mnyama aliyekwisha kujua kuwa mlio fulani unatangulia tukio fulani hajifunzi chochote kuhusu taa inayoongezwa pamoja na mlio huo. Tukio linakuja kama alivyotarajia, kwa hiyo hakuna la kujifunza. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walirudia jaribio la namna hiyo kwa panya ambao nyuroni zao za dopamini zilikuwa zimebadilishwa ili ziweze kuamshwa kwa mwanga. Walipoziamsha wakati chakula kinafika, wakati ambao kwa kawaida zingekuwa zimetulia, panya walijifunza kile ambacho wasingejifunza.

Sasa tuingie ndani ya seli, kwa kuwa hapo ndipo pananivutia kuliko pote.

Ubongo wa binadamu unakadiriwa kuwa na nyuroni bilioni 86. Zinazotengeneza dopamini hazifiki milioni moja, nyingi zikiwa zimekusanyika sehemu ya kati ya ubongo, lakini kila moja ina matawi marefu yanayosambaa mbali, hasa kwenye eneo liitwalo striatamu. Zikipiga, dopamini humwagika kwa pamoja juu ya maelfu kwa maelfu ya sinapsi, yaani maungio ambako nyuroni hupokezana ujumbe, zilizohusika na zisizohusika. Swali la ndizi linarudi kwa sura nyingine: kama ujumbe unawafikia wote, sinapsi gani ijue kwamba inayoambiwa ni yenyewe?

Siri imo katika kuwahi. Panya anaponusa TNT na kuanza kuparua, nyuroni za gamba la ubongo hutoa kemikali ya glutamati kwenye sinapsi fulani tu za striatamu, zile zinazobeba harufu hiyo na tendo hilo. Glutamati hufungua njia, kalsiamu ikaingia ndani ya kichomozo kidogo kinachopokea ujumbe. Kwa muda mfupi baada ya hapo, kichomozo hicho ni kama saruji mbichi: ukiikanyaga sasa, alama itabaki, ukichelewa, imeshakauka. Dopamini ndiyo unyayo.

Muda huo ni mfupi kiasi gani? Mwaka 2014 Sho Yagishita na wenzake katika kundi la Haruo Kasai, Chuo Kikuu cha Tokyo, waliupima. Walichukua vipande hai vya ubongo wa panya wadogo, wakaamsha kichomozo kimoja kwa glutamati, kisha wakaachia dopamini kwa nyakati tofauti. Dopamini ilipofika kati ya sekunde 0.3 na sekunde 2 baada ya glutamati, kichomozo kilinenepa, na sinapsi iliyonenepa ni sinapsi yenye nguvu zaidi. Nje ya dirisha hilo hakikunenepa. Sekunde mbili! Mkufunzi wa Morogoro angesubiri panya atembee hadi kwake ndipo aonje ndizi, sinapsi iliyomwongoza kuparua ingekuwa imekwisha kufunga hesabu. Klik huziba pengo hilo. Panya amefundishwa mapema kwamba klik maana yake chakula kinakuja, na kama ilivyokuwa kwa taa ya Schultz, mapigo ya dopamini huhamia kwenye sauti. Sauti hufika mara moja, na fundisho hufika nayo.

Ndani ya kichomozo, molekuli hupokezana kazi. Dopamini hushika kipokezi kiitwacho D1 juu ya ngozi ya seli. Kipokezi huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo ya cAMP, na kimeng'enya hicho huitikia kwa nguvu zaidi kama kalsiamu imetoka kupita hapo. Hivi ndivyo seli inavyotambua kwamba mambo mawili yametokea kwa kufuatana. cAMP huamsha kimeng'enya kingine, PKA, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini. Mojawapo ya protini zinazobandikwa ni DARPP-32, iliyogunduliwa katika maabara ya Paul Greengard. DARPP-32 ikishabandikwa fosfeti humzuia mbanduaji, yaani kimeng'enya ambacho muda wote hupita kikizitoa fosfeti zilizobandikwa na wengine. Mbanduaji akizuiwa, mabadiliko yaliyoanzishwa na kalsiamu hupata nafasi ya kukamilika: vipokezi vya glutamati huongezeka kwenye kichomozo, mifupa ya ndani ya seli hujipanga upya, kichomozo hukua. Jambo likirudiwa vya kutosha, ishara hufika hadi kwenye kiini cha seli, jeni zikaamriwa kutengeneza protini mpya, na fundisho la leo likawa la mwezi ujao.

Greengard alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 pamoja na Arvid Carlsson na Eric Kandel. Sehemu yake ya fedha aliitumia kuanzisha tuzo ya wanasayansi wanawake, akaipa jina la mama yake, Pearl Meister Greengard, aliyefariki akimzaa. Jambo hilo halihusiani na fosfeti, lakini siwezi kumtaja mtu huyu nikaliacha.

Hadi hapa nimeeleza jinsi dopamini inavyosema ndiyo. Panya mnusaji anahitaji kujifunza kitu kigumu zaidi, kusema hapana: harufu hii inafanana na ile lakini siyo. Striatamu ina kundi la pili la seli, zenye kipokezi D2, na hizo dopamini huzizuia badala ya kuzichochea. Dopamini ya kawaida inapokuwepo, vichomozo vyake havinenepi. Inaposhuka ghafla, kwa nusu sekunde hivi, kizuizi huondoka na vichomozo hivyo navyo huweza kukua. Kundi la Kasai lilionyesha mwaka 2020 kwamba panya wadogo waliofundishwa kwamba mlio fulani unaleta maji huanza kwa kuitikia na mlio unaofanana nao. Ni pale mlio wa pili unapokuja mikono mitupu, dopamini ikashuka, ndipo wanapojifunza kutofautisha, na kazi hiyo hufanywa na seli za D2. Tunavyobagua sauti, nyuso na harufu tunafundishwa pia na zawadi zisizokuja.

Wakufunzi wa Morogoro hawamwadhibu panya anayekosea. Hawambonyezei klik, basi. Nao wana tatizo ambalo nadharia hii inalitabiri: kwenye makohozi ya wagonjwa halisi, mkufunzi hawezi kujua papo hapo kama panya yuko sahihi, na zawadi zikikosekana muda mrefu, panya ataacha kuashiria. Kwa hiyo katika kila safu huwekwa sampuli ambazo hospitali imeshathibitisha kuwa zina vimelea. Hizo ndizo zinazolipwa ndizi, na zinatosha kuyaweka hai mafunzo yote.

Je, raha yenyewe iko wapi? Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba panya aliyeondolewa karibu dopamini yote bado hulamba midomo kwa utamu wa sukari ikitiwa mdomoni. Utamu anauonja, kinachokosekana ni msukumo wa kuufuata. Raha inategemea zaidi molekuli nyingine, zikiwemo zile za jamii ya afyuni ambazo mwili hujitengenezea. Kutaka na kufurahia ni mambo mawili, na mtu anaweza kukitaka kwa nguvu zote kitu ambacho hakimfurahishi tena.

Ukosefu wa dopamini huonekana waziwazi kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao nyuroni zao za dopamini hufa kidogo kidogo. Carlsson ndiye aliyefungua njia ya kuwatibu. Mwaka 1957, huko Lund nchini Uswidi, aliwapa sungura dawa ya reserpini, wakakakamaa wasiweze kujongea. Alipowadunga levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza dopamini, wakaamka. Levodopa bado ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu hadi leo, na imo kwa asili katika mbegu za upupu, mmea uleule ambao watoto wa pwani na bara huukimbia kwa muwasho wake. Mtu asije akajitibu kwa upupu: kiasi kilichomo hakitabiriki, na dawa hii hupimwa kwa uangalifu. Tatizo kubwa kwetu ni kugunduliwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba wengi wa wenye ugonjwa huo walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Mzee anatetemeka, hatua zinakuwa fupi, uso unapoa, na familia inasema ni umri.

Ugonjwa huu hugusa hata namna mtu anavyojifunza. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake waliwapa wagonjwa mchezo wa kuchagua alama zilizokuwa zikilipa na zisizolipa. Wasipokuwa wamemeza dawa, walijifunza vizuri zaidi kuepuka kibaya. Wakiwa na dawa, walijifunza vizuri zaidi kufuata chema, wakawa wazito kujifunza kutokana na hasara. Mtu ni yuleyule, ila kidonge kimebadili anafundishwa na nini. Zipo dawa za kundi jingine, zinazoiga dopamini kwenye vipokezi vyake, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa zimeamsha uraibu wa kamari kwa watu wasiowahi kucheza maishani. Madaktari wanaozitoa hutakiwa kuiuliza familia mapema na mara kwa mara, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe huficha.

Hapo ndipo ninapoiona hatari ya kamari inayotuzunguka, kuanzia vibanda vya mashine za sarafu hadi mikeka ya kubeti kwenye simu. Mwaka 2003 Schultz na wenzake Christopher Fiorillo na Philippe Tobler walipima nini hutokea juisi inapokuja kwa bahati. Walipopunguza uhakika, waliona nyuroni za dopamini zikipandisha mdundo polepole katika muda wa kusubiri, na kupanda huko kulikuwa kukubwa kuliko pote pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Zawadi ya hakika haina kupanda huko. Zawadi isiyowezekana haina. Mashaka yenyewe yanaamsha kile kinachotufanya tufuatilie. Luke Clark, aliyekuwa Cambridge wakati huo, akaongeza mwaka 2009 kwamba kukosakosa, pale ambapo ushindi umepita pembeni tu, huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na humtia mchezaji hamu ya kuendelea ingawa amepoteza fedha. Kijana ambaye mkeka wake wa timu kumi umechanwa na timu moja dakika ya tisini amepata hasara kamili, lakini ubongo wake umeandika kwamba amekaribia. Ndiyo maana siwezi kukubali kauli kwamba kubeti ni suala la mtu kujizuia tu. Biashara inayouza mashaka, yenye matokeo ya sekunde chache, wakati wowote wa usiku, imelenga mahali ambapo ubongo hujifunza kwa haraka kuliko mwenyewe anavyofikiri, na serikali zinazokusanya kodi humo zinapaswa kuitazama kwa jicho la afya ya umma.

Dawa za kulevya huingia kwa mlango mwingine. Heroini huzinyamazisha seli zinazozuia nyuroni za dopamini, na dopamini ikapanda hata kama hakuna lililozidi matarajio. Juisi ya kima ikishazoeleka, nyuroni hutulia; heroini haiachi zitulie, kwa hiyo fundisho haliishi. Kila mara sinapsi huambiwa kwamba kilichotokea ni bora kuliko ilivyodhani, na kila kilichokuwa karibu, iwe maskani, rafiki, kiberiti au saa ya jioni, huandikwa pamoja. Mwili ukishasafishwa, maandishi hayo hubaki, na mtu aliyekaa miezi bila kutumia anaweza kuangushwa na uchochoro. Methadoni, inayotolewa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tangu mwaka 2011, husaidia kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba hunywewa, hupanda taratibu na hukaa mwilini muda mrefu, bila ule mshtuko wa ghafla ambao sinapsi huusoma kama habari mpya.

Kwa kokeini na dawa za kusisimua mwili, ambazo bado hazina methadoni yake, tiba yenye ushahidi mkubwa ni ya kushangaza kwa urahisi wake. Mgonjwa hufika kliniki mara kadhaa kwa wiki, mkojo hupimwa akiwa palepale, na ukiwa safi hupewa zawadi muda uleule: vocha ya dukani, au nafasi ya kuchomoa karatasi yenye zawadi kwenye bakuli. Wiki zinavyofuatana akiwa safi, zawadi huongezeka. Akiteleza hapigwi wala hafukuzwi. Siku hiyo hapati kitu, na hesabu huanza tena chini. Hospitali za maveterani wa jeshi nchini Marekani zilianza kuitoa tiba hii kwa upana mwaka 2011. Zawadi nyingi ni za thamani ndogo. Jambo ambalo wahudumu wanafundishwa kulilinda kuliko yote ni kwamba zisicheleweshwe.